Kiingereza cha Barazani

Kijiji cha Mtakuja,
kwa njia ya stesheni ya Kigwa
9 Machi 1975

Binti yangu Zamda,

Kabla hujauliza, hatujambo. Mimi sijambo zaidi. Mama yako Bimdogo anakohoa kidogo, ni vumbi la kuhamishwa hamishwa, mvua ikikatika kikohozi kitaisha. Mwanao Tufaha yupo, anakula, anasoma, amerefuka kama mlingoti wa simu.

Sasa tulia nikupe habari. Bibi Veneranda, mwalimu wa Kiingereza wa darasa la saba, amekwenda kwao Ipole kujifungua, na mwalimu wa kuziba pengo hakuna. Badala yake imeletwa redio. Redio ya shule, mpya, na barua yake ina mhuri. Kiingereza kinasemwa Dar es Salaam, kinapita Morogoro, kinapita Dodoma, kinaingia Mtakuja bila kukata tikiti. Babu yangu alikwenda njia hiyo hiyo kwa miguu, kirongozi wa msafara, kilemba chekundu kichwani, na hakuna mpagazi aliyethubutu kumpita mbele. Leo Kiingereza kimekuja kwa mjukuu wake. Unadhani ni bahati?

Shule yetu unaijua. Ukuta wa udongo, dirisha halina ubao, hata saa ya ukutani iliibwa. Kamati ikakaa, watu wakatazamana. Nani ana nyumba ya bati? Mabruki. Nani ana mlango wenye kufuli? Mabruki. Nani alisimamia kipande chake cha reli hata treni moja isianguke? Huyo huyo. Basi redio ikaja kwangu. Nimeiundia sanduku la mninga, na ufunguo nauvaa shingoni. Kila asubuhi la saba wanakaa mkekani barazani, mimi nafungua. Wananiita mwalimu wa redio. Sikuwaomba.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Cheti cha kisomo cha watu wazima kipo ukutani, anayebisha aje akitazame.

Ni mimi baba yako,
Mabruki bin Abasi


Tabora
22 Machi 1975

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya redio imenifurahisha kuliko unavyodhani.

Kazi yangu unaijua. Napika katika shule ya bweni ya wasichana. Kila mchana nasimama na upawa, nao wanapita na sahani, wenye umri wa Tufaha au waliomzidi kidogo, wanasema Kiingereza wao kwa wao hata kwenye foleni ya maharage. Nawatazama mpaka mwenzangu ananisukuma: "Pakua, Zamda, watu wana njaa!" Mimi ulinitoa darasa la nne ukaniozesha kwa Humaidi. Silisemi kwa ugomvi. Humaidi aliniacha, na darasa halikunirudia.

Kilichobaki ni Tufaha. Mtihani ni Septemba. Hesabu anaweza, Kiswahili anaweza, kinachomwangusha ni Kiingereza. Kwa hiyo redio hiyo, kwangu, ndiyo mlango wa shule hii. Nakuomba baba, isinyamaze.

Na mama apelekwe zahanati. Neno lako "kidogo" nalijua.

Binti yako,
Zamda


Mtakuja
14 Juni 1975

Zamda,

Marahaba. Ungelikuwepo Jumatano ungelia kwa furaha. Alikuja mkaguzi wa wilaya, na gari, na karani wa kumshikia mkoba. Akasema, "Mzee, tuonyeshe." Nikatoa ufunguo, nikafungua sanduku, mama yako akaipangusa redio vumbi kama kawaida yake, maana mimi siwezi kushika kitambaa mbele ya wageni, ikalia! Watoto wakaitikia wote kwa pamoja, "Gudi moningi!" Tufaha anajibu kabla redio haijamaliza kuuliza. Mkaguzi akanipa mkono, tena mikono yote miwili, akauliza ufundi huu nimesomea wapi. Nikamwambia: reli.

Tangu hapo hata wanaonidai salamu wananiamkia wa kwanza.

Mama yako nimempeleka zahanati Kigwa, wamempa vidonge. Amekonda, ndiyo, lakini njiti ya kiberiti nayo ni nyembamba na inawaka. Usije. Ukija utawatia watu hofu, waseme kwa Mabruki kuna mgonjwa. Baki kazini.

Ni mimi baba yako,
Mabruki bin Abasi, mwalimu wa redio


Tabora
24 Julai 1975

Baba, shikamoo.

Nimefika salama kutoka matanga ya mama. Pale stesheni ulikuwa unawaeleza abiria mambo ya breki za treni. Labda kila mtu ana namna yake ya kulia.

Siku ya kuondoka nilipita zahanati kuwashukuru. Wakafungua daftari lao, wakaniambia Bimdogo wa Mtakuja hakufikishwa pale hata mara moja. Nimelisema hili leo na sitalisema tena, maana mama hatarudi kwa kulisema.

Nilitaka kumchukua Tufaha. Nimemwacha kwa sababu moja tu, mtihani. Jina lake limeandikishwa huko, na redio iko huko. Nakuomba umshike vizuri. Kila kitu nilichobakiwa nacho kimelala nyumbani kwako.

Zamda


Shule ya Msingi Mtakuja
2 Agosti 1975

Mzee Mabruki,

Shikamoo, na pole tena kwa msiba.

Tangu tulipomzika bibi, redio haijafunguliwa. La saba wanakuja barazani kwako, wanakaa, wanarudi. Mzee, mtihani umekaribia. Mimi ni mmoja na madarasa ni saba; Kiingereza chao chote nimekitegemea redio. Kama nyumba ina mazito, naomba unikabidhi redio, nitalala nayo darasani mwenyewe.

Uhuru na Kazi.

Masele,
Mwalimu Mkuu


Mtakuja
3 Agosti 1975

Wewe Masele,

Nimepokea karatasi yako. Ninyi Wasukuma ng'ombe akifa mnalia kuliko sisi tukifiwa na mke, kwa hiyo nakusamehe, mtani wangu, hujui kitu. Nyumba iliyotoka maiti haipigi kelele. Ngoma hailii, kinu hakitwangi kwa nguvu, redio hailii. Mpaka arobaini! Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi watu wa mjini Tabora kabla ya shule yako kuota.

Na kuitoa nje pia hapana. Ilikuwamo ndani roho ilipotoka, kwa hiyo nayo imo matangani. Kamati ilinipa mimi. Kama kuna mwingine anayeiweza redio kuliko mimi, kamati imtaje jina mbele yangu.

Mabruki bin Abasi


Shule ya Msingi Mtakuja
5 Agosti 1975

Dada Zamda,

Nisamehe kukusumbua ukiwa katika majonzi. Baba yako amekataa kufungua redio mpaka arobaini, na hataki itoke nje.

Nilidhani ni mila, nikaiheshimu. Jana Tufaha akanifuata kwenye shamba la shule, akaniambia jambo akitazama chini. Anasema aliyekuwa akiitafuta sauti ni marehemu bibi. Mzee alikuwa akifungua kufuli tu. Bibi alijifunza namba kisomoni, akazijua zile za kwenye redio, na alikuwa akizungusha kitufe huku anapangusa, ili mzee asiaibike. Tufaha naye alionyeshwa, anaweza.

Kesho kutwa naitwa semina ya walimu wakuu, Nzega, mwezi mmoja na nusu. Nimekataa, wamesema siwezi kukataa. Madarasa ya chini yatakuwa na mtu wa mgambo. La saba nimewaachia hesabu za kutosha, na Kiingereza nawaachia Mungu na baba yako. Mwandikie. Mimi akiniona anakumbuka ng'ombe.

Masele


Tabora
11 Agosti 1975

Baba yangu, shikamoo.

Nimekwenda kwa shehe hapa mjini kuuliza habari za msiba wetu. Amesema matanga ni siku tatu, hiyo arobaini ni mazoea yetu wenyewe, na elimu ya mtoto haikai matangani. Amekutakia subira.

Baba, nasema kwa adabu. Mama alizoea kuipangusa redio kabla haijalia. Sasa hayupo. Mwachie Tufaha kazi ile ya kitambaa. Ufunguo ubaki kwako, sanduku libaki kwako, jina la mwalimu wa redio libaki kwako. Mtoto apanguse tu, kama bibi yake. Hakuna atakayejua, na mimi sitauliza kitu.

Nakupigia magoti, baba. Sijawahi kukuomba kitu, hata siku ile ya Humaidi sikuomba.

Binti yako,
Zamda


Mtakuja
30 Agosti 1975

Zamda,

Hakuna atakayejua nini? Nimeuliza: hakuna atakayejua nini? Nani kakulisha maneno? Mimi niliyeongoza genge la reli watu ishirini, nishindwe na kisanduku chenye vitufe viwili?

Basi sikiliza. Siku ile ile barua yako ilipofika, arobaini nikaivunja. Nikawaita la saba wote, na wazee watatu waje washuhudie. Nikafungua kufuli. Nikazungusha mimi, kwa mkono huu. Kwanza ikakoroma, kisha ikanguruma, kisha akatoka Mzungu, safi, kama yupo uani! Sauti inapitia puani, maneno yanakwenda mbio. Hicho ndicho Kiingereza cha juu. Kile cha kwanza, cha yule mama aliyekuwa akisema polepole na kurudiarudia, kilikuwa cha kitoto. Sasa mtihani umekaribia, wamepandisha darasa. Kitufe nimekifunga uzi hapo hapo asikiguse mtu. Wazee wakasema, "Mabruki, kumbe!" Nikasema, ndiyo, kumbe.

Wiki ya pili hii watoto wanafuatisha. Asubuhi wananiamkia, "Bonzhuu, mesye," nami naitikia. Hata mbuzi wangu wameanza kuelewa.

Aibu moja tu. Mwanao alisimama katikati ya watu akasema, "Babu, hiki sicho." Mbele ya wazee watatu! Nikamuuliza, wewe umefika Uingereza lini? Akasema tena, "Sicho, babu, nipe nishike." Nimemtoa barazani. Akae jikoni mpaka adabu imrudie. Usimtetee. Nimemlea mimi.

Kwa hiyo usipigie mtu magoti. Redio inalia.

Mabruki bin Abasi


Shule ya Msingi Mtakuja
25 Septemba 1975

Dada Zamda,

Nilirudi kutoka semina jioni ya kuamkia mtihani. Watoto walinipokea njiani wakikimbia, wakaniamkia kwa lugha nisiyoijua. Nikawauliza mmefundishwa na nani? "Na redio, mwalimu!" Nikaenda kwa mzee, akanifungulia kwa fahari, nikasikiliza. Dada, ni Kifaransa. Ni redio ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, inasoma taarifa ya habari. Nilimweleza mzee taratibu. Akanijibu kwamba nina wivu, na kwamba Nzega hakuna Kiingereza.

Asubuhi mtihani ukaja na msimamizi wake. Nilipita nyuma ya madawati. Wawili waliandika "bonzhuu" pale palipotakiwa salamu. Tufaha alimaliza hesabu kabla ya wote. Kwenye Kiingereza alijibu ya mwanzo mbio mbio, kisha akalaza kalamu, akasubiri kengele.

Barua hii iliyomo ndani ni yake. Nimeikuta mezani kwangu. Ilikosa mtu wa kuifikisha stesheni, na mimi sikuwepo. Nisamehe.

Masele


Mtakuja
27 Agosti 1975

Mama, shikamoo.

Babu ameifungua redio lakini hakuipata sauti ya somo. Bibi alikuwa akiizungusha polepole mpaka wanapopiga ngoma, ndipo somo linaanza. Mimi napajua. Nilimwomba babu nishike mara moja tu, wenzangu wakiwa hawajafika. Amesema bibi alikuwa akipangusa vumbi basi. Mama, mimi nilikuwepo kila siku.

Sasa nakaa jikoni. Nawasikia wenzangu wanavyofuatisha, naziba masikio, naogopa kile kikiingia kitakitoa Kiingereza changu. Narudia maneno niliyojifunza kabla bibi hajafa. Nikiyasema yote yanakwisha kabla uji haujachemka.

Mama njoo. Ukikosa ruhusa, mtume mtu ambaye babu anamwogopa. Nimefikiri ni nani, sijamjua.

Mwanao,
Tufaha


Tabora
19 Januari 1976

Baba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alinifundisha.

Barua yako ya Desemba nimeipata, kwamba wilayani wamechagua watoto wa jamaa zao. Majina niliyasoma mwenyewe, yalibandikwa ofisini. Kutoka Mtakuja hakuna hata mmoja. Tufaha alisimama nyuma yangu. Aliniona mgongo akajua.

Siku nilipokuja kumchukua ulikaa ndani ukasema una homa. Ulikuwa unasikia viatu vyake vinatoka. Ulikosa hata neno moja, wewe ambaye hukosi maneno?

Nimemwombea kazi hapa jikoni, wamemkubali. Leo kidato cha kwanza wameingia, na masanduku yao, na sare mpya zinazowakaa kama magunia. Tufaha ndiye aliyewapakulia. Msichana mmoja akamshukuru kwa Kiingereza. Tufaha akamjibu, sawasawa, kwa Kiingereza. Yule msichana akamtazama uso, akatazama aproni, akacheka kidogo, akasogea na sahani yake. Mwanangu akampakulia anayefuata.

Nilikuwa nikimlaumu Humaidi, nikakilaumu kikohozi, nikamlaumu yule aliyemwita mwalimu semina. Nimechoka kuwazungukia wote hao ili nisifike kwako.

Usije mjini, baba. Nitakapoweza kukuona, nitakuja mimi.

Zamda


Mtakuja
8 Februari 1976

Zamda,

Marahaba.

Umeandika kwa ukali, lakini mwandiko wako umenyooka, umeutoa kwangu. Hapa hatujambo. Nasema hatujambo, niko peke yangu. Jirani mmoja ananiletea ugali, mbichi katikati, nakula kwa sababu ya heshima.

Redio wameichukua. Sikuwazuia, mtu mzima hagombanii vyombo. Bibi Veneranda amerudi na mtoto mgongoni, anaifungua huko shuleni. Upepo ukitoka huko nasikia watoto wanaitikia. Wamerudi kwenye kile cha kitoto, cha polepole. Mimi sisemi kitu. Masele anakwenda akitangaza kwamba changu kilikuwa Kifaransa. Masele amefika wapi? Nzega! Watu wanamsikiliza. Wale wazee watatu wakinipita sasa wananiambia "Bonzhuu, mesye," na wanacheka. Nawaitikia. Ningefanyaje?

Habari ya Tufaha kupakua chakula nimeisikia. Mwambie anyooke, asiiname mbele ya wale watoto wa watu. Mwambie apakue wakijua kwamba mbele yao kasimama kilembwe cha kirongozi wa msafara, mjukuu wa Mabruki bin Abasi.

Kuna jambo lingine, dogo. Huko jikoni anawasikia wanavyosema wao kwa wao, kila siku, Kiingereza chenyewe hasa. Muulize kinafanana na kile cha barazani kwangu? Hata neno moja. Ukiniandikia hapana sitakuamini, nakwambia kabisa.

Lakini muulize.

Ni mimi baba yako,
Mabruki bin Abasi